Sura ya Malkia wa Majitu

Kila Jumatano, kengele ya mwisho ikishalia, msichana ambaye shule nzima ilimwita Chapuchapu alikuwa wa kwanza kufika chumba cha sanaa. Jina hilo alilipata kwa haki. Alikula haraka, alifanya hesabu haraka, na akifagia darasa, taka za pembeni zilibaki zikimtazama. Lakini kwenye rangi alikuwa na kipaji, hilo hata waliomtania walikubali.

Chumba hicho kilikuwa makao ya klabu ya vita vya mezani. Wanafunzi walipanga majeshi ya sanamu zenye kimo cha kidole gumba, majitu, wachawi na majoka, kisha wakarusha dadu kuamua nani ashambulie na nani akimbie. Jumatano moja walikuwa wakijiandaa kupambana na shule jirani Jumamosi, na sanamu moja tu ilikuwa haijapakwa rangi: malkia wa majitu.

Malkia aliumbwa kwa udongo na Sindano, rafiki mkubwa wa Chapuchapu, msichana mpole aliyechonga nyuso kwa ncha ya sindano. Uso huu ulimchukua wiki tatu. Aliuiga wa bibi yake: mikunjo ya macho, mashavu yaliyobonyea, na tabasamu lenye pengo la jino moja. Bibi alikuwa amealikwa Jumamosi, na hakuwa ameambiwa kitu.

"Mimi kwenye rangi mkono wangu mzito," Sindano alisema akimkabidhi sanamu. "Wewe ndiye fundi. Nakuaminia, mwenzangu."

"Wala usijali. Utaipenda."

Mwalimu wa sanaa alikuwa ameshawaeleza: rangi moja itawale, ya pili iisaidie, ya tatu iwe kidogo tu, pale unapotaka jicho la mtu litue. Kwa malkia walikubaliana kijani kilichofifia kwenye joho, kahawia kwenye mkanda na viatu, na manjano kidogo kwenye taji, ili jicho likianzia hapo lishuke usoni.

Chapuchapu alimaliza joho kwa dakika chache. Halafu akaiona ngao iliyo karibu na goti imepooza mno, akaipiga nyekundu. Palepale akajua amekosea. Jicho lilikimbilia gotini na kumsahau malkia mwenyewe. Rangi ilikuwa bado mbichi, na kitambaa chenye maji kilikuwa mezani. Lakini mbele yake Sindano alikuwa akikata maboksi ya kutengenezea vilima.

"Vipi, inaendeleaje?" Sindano aliuliza.

"Safi kabisa," akajibu, huku ameikinga ngao kwa kiganja.

Aliona aibu kufuta mbele ya mtu aliyemwita fundi. Akaongeza nyekundu begani, upande wa pili, ili kusawazisha. Sasa uso ukaonekana umepauka katikati ya makelele yale ya nyekundu. Akaupaka kahawia, ukawa mweusi mno. Akaweka rangi nyepesi juu yake, kisha kahawia tena, bila kusubiri ikauke. Alipoweka brashi chini, mikunjo haikuonekana, na pengo lilikuwa limejaa rangi. Akaificha sanamu kabatini, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake Sindano aliishika sanamu kwa muda mrefu. Chapuchapu alikuwa amejiandaa kusingizia kwamba rangi ya klabu ilikuwa nzito, lakini hakuulizwa.

"Kosa langu," Sindano alisema taratibu. "Sikuchimba mistari vya kutosha, ndiyo maana rangi imeifukia. Mwambie mwalimu atafute mtu mwingine wa kuchonga nyuso. Mimi sijui."

Chapuchapu alitamani angetukanwa.

"Hapana, ni mimi," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilikosea ngao. Ukaniuliza, nikakudanganya. Nikawa nafunika kosa kwa rangi nyingine, mpaka nikamfunika bibi yako."

Sindano alikaa chini akalia bila sauti. Mwalimu akaja na maji na kijiti, akajaribu kukwangua. Ngao na bega vilisafishika, lakini usoni udongo ulitoka pamoja na rangi.

"Uso huu hautarudi," alisema. "Rangi ilipokuwa mbichi, ingefutika kwa kitambaa."

Jumamosi malkia alisimama mezani na joho lake zuri la kijani na uso mtupu. Bibi alifika, akainama kumtazama.

"Na huyu nani, jamani?"

Sindano alitazama sakafu. Chapuchapu akasogea.

"Shikamoo, Bibi. Huyu alikuwa wewe. Mjukuu wako alikuumba, mimi nikakufuta. Nilikosea rangi kidogo, akaniuliza, nikaona haya kusema."

"Marahaba." Bibi alimgeukia. "Mimi nipo, nitakuja nikae hapa mwenzako aniumbe tena. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Kukosea ni kwa kila mtu. Ulipoulizwa, ungesema 'nimekosea', mngefuta wote wawili huku mnacheka. Kosa liseme likiwa dogo."

"Nimesikia, Bibi. Nisamehe."

Bibi alikuja Jumatano tatu mfululizo. Uso wa pili ulitoka vizuri, na Sindano akaupaka rangi mwenyewe kwa mkono wake mzito, polepole. Chapuchapu alikaa pembeni akimwoshea brashi. Hakuombwa apake, naye hakuthubutu kuomba.