Sanduku Mkali na Sanduku Mpole

Kila Jumamosi asubuhi kazi za binti mmoja zilikuwa zilezile: kufagia sitaha ya yoti, kufuta vioo, kisha kumpelekea mama yake chai. Mama alikuwa mtunzaji wa boti za starehe zilizofungwa kwenye gati la ziwa. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa jinsi alivyopenda kumaliza kazi kabla hata haijaanza, watu wote wa gatini walimwita Chapuchapu.

Asubuhi hiyo alifagia polepole. Mama akamtazama, akacheka.

"Leo vipi, mwanangu? Ufagio umekuwa mzito?"

"Hapana, mama."

"Haya, tunywe chai upesi. Mwenye yoti amepiga simu, anakuja adhuhuri. Nataka nizame nisugue tumbo la boti, limeota majani tele."

Chapuchapu akaweka kikombe chini. Siku zote mama alizama Jumatano. Hakutegemea kabisa kwamba angezama leo.

Jana jioni mama alimwagiza aunganishe yoti na umeme wa nchi kavu ili betri zijae. Utaratibu aliujua vizuri: swichi ya gatini izimwe, kebo ichomekwe kwanza upande wa yoti, halafu upande wa gati, ikaguliwe isiguse maji, ndipo swichi iwashwe. Lakini rafiki zake walikuwa wakimsubiri wakacheze. Badala ya kuibeba kebo, aliiburuta. Ikakwaruzwa na pembe ya chuma, ganda likachanika, shaba ikaonekana. Akaizungushia utepe mweusi, akawasha. Swichi ikakata. Akawasha tena, ikakata tena.

Gati lile lilikuwa na masanduku mawili ya umeme. La kwanza, lililokuwa mbele ya yoti yenyewe, watu waliliita Mkali, kwa kuwa hitilafu ndogo tu hukata umeme papo hapo, na kila mtu alilinung'unikia. La pili lilikuwa la zamani, hatua kama ishirini mbele, nyuma ya boti ya jirani. Hilo waliliita Mpole, maana halikumkatia mtu umeme hata siku moja. Chapuchapu akaihamishia plagi kwa Mpole, taa za yoti zikawaka, naye akaenda zake kucheza. Kebo ikabaki inaning'inia chini ya mbao za gati, ule utepe ukigusa maji.

Sasa mama alikuwa amevaa miwani ya kuzamia. Kama ilivyokuwa desturi yake, alikwenda kwanza kutazama swichi ya Mkali. Aliikuta imezimwa. Akaridhika kwamba yoti haina umeme, akapanda yoti na kuelekea kwenye ngazi ya chuma ya kushukia majini.

Chapuchapu alibaki akiwaza. Akisema, atagombezwa, na huenda mwenye yoti akamfukuza mama kazi. Asiposema je? Labda ule utepe umeshika vizuri. Labda hakuna kitakachotokea.

"Mama," aliita.

"Sema."

"Hamna kitu."

Mama akageuka, akaanza kushuka. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Chapuchapu alitazama kule kwa Mpole, akaona hatawahi kufika kuzima. Kidole cha mguu wa mama kilikuwa kimebakiza shibiri moja tu kufika majini.

"Mama, usiguse maji! Umeme unawaka. Nimeuweka kwa Mpole, na kebo imechubuka."

Mama aliganda palepale. Kisha akapanda tena taratibu, akakaa sitahani. Chapuchapu alikimbia roho mkononi, akazima swichi ya Mpole na kuchomoa plagi, kisha akarudi analia.

Fundi umeme wa gati alipoitwa, aliwaweka wote mbali, akachomeka kebo na kuwasha kwa muda mfupi. Ncha moja ya kipimo chake aliigusisha kwenye ngazi, nyingine akaichovya ziwani. Akatazama namba, akazima haraka. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hakuna mzaha uliomtoka.

"Hapa mtu angekakamaa misuli na kuzama kimya, asiweze hata kupiga kelele," alisema. "Na wewe ungemrukia kumwokoa, mkazama wawili. Mkali alikata mara mbili, binti yangu. Alikuwa anakuambia kuna hatari. Huyu Mpole kifaa chake cha kukata kimekufa siku nyingi, na sisi tunamsifu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Akamfunga Mpole kwa kufuli, kisha akaikata ile kebo vipande ili asiwepo wa kuitumia tena. Akaahidi kuleta nyingine kabla ya adhuhuri.

Chapuchapu alimsogelea mama yake. Mama alikuwa bado ameishika miwani ya kuzamia.

"Mama, ningekuambia jana, ungenigombeza sana?"

"Sana," mama alisema, akamvuta karibu. "Ningekugombeza mpaka jirani atoke nje kuuliza kuna nini. Na mwenye yoti akija utamweleza mwenyewe, mimi nikiwa kando yako. Lakini ukiharibu kitu, mwanangu, niambie siku hiyohiyo, nikugombeze nikiwa hai."