Mirija Miwili ya Bukoba

Dafroza alikuwa akicharaza cherehani barazani, siku ya gulio Kayanga, mwaka 1985, mgeni mmoja alipopanda ngazi kinyumenyume, mkoba ukimsitiri nyuma.

"Dada, msumari wa basi umenichania suruali. Nishonee."

"Nikushone na mwili wako? Jifunge khanga hii."

Wateja walicheka. Kijana huyo, Karekezi, alikuwa mwalimu mgeni wilayani na kiongozi mpya wa kwaya ya Walutheri. Alikaa ndani ya khanga ya maua mekundu akimtazama fundi mwenye gauni la bluu. Tangu hapo alirudi mara kwa mara, hata alipokuwa hana cha kushona.

Mwaka uliofuata kwaya ilisafiri hadi Bukoba. Huko Karekezi alinunua ukumbusho: mirija miwili mirefu ya kunywea pombe, imesukiwa ala moja ya nyuzi za mgomba. Muuzaji alimwambia ni ya mume na mke, wanaokunywa kibuyu kimoja. Alikimbilia posta, akapiga simu duka la jirani na Dafroza, akaitiwa, akamweleza.

"Wewe mlokole, mirija ya nini? Ya kukorogea chai?"

"Nitakunywa nawe mbele ya baba yako. Nakuahidi, mpenzi."

"Haya. Tutaona!"

Aliporudi, kwenye stendi ya Omurushaka alipokelewa na Mzee Byabato, mzee wa kanisa aliyekuwa mshenga wake. Mirija ilichungulia mkobani.

"Mwalimu! Hii ya nani?"

"Si yangu, mzee. Ni mzigo wa mtu."

Nyuma ya mzee alisimama Dafroza, amevaa gauni la kanisani, amekuja kumlaki.

"Basi mwenye mzigo atakuja kuuchukua," alisema, akaondoka.

Juma zima Karekezi alifungua kitabu cha nyimbo na kukifunga tena bila kuimba. Akamfuata barazani.

"Nimekukosea, Dafroza. Niliogopa."

"Kwa hiyo mimi ndiye mzigo wa mtu?" Hakuinua macho. "Baba anawangoja Jumapili, wewe na mshenga wako. Njooni tu."

Jumapili, kule Ndama, nyumbani kwao Dafroza, baba yake, Mzee Desderius, Mkatoliki, aliweka kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, katikati ya wageni.

"Wasiokunywa, soda hizi hapa."

Mzee Byabato akamsogezea Karekezi chupa. Njia ya kuponea ilikuwa hiyo, tena bila aibu. Dafroza alipiga magoti, akawaamkia wazee shikamoo, akakwepa uso wa mchumba.

Karekezi akafungua mkoba.

"Mzee Byabato, nilikudanganya. Mirija ni yangu. Nilimnunulia mke wangu."

"Ukinywa, kwaya si yako tena."

"Najua, mzee." Kwaya ile aliipenda kuliko mshahara.

"Acha, Karekezi," Dafroza alinong'ona. "Umeshasema. Inatosha."

"Niliahidi kunywa."

Akatumbukiza mirija kibuyuni, akapiga magoti kando yake. Wakainama pamoja. Rubisi ilimkwama Karekezi, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Mzee Byabato akachukua kofia yake, akatoka.

Dafroza alimpigapiga mgongoni.

"Polepole, mume wangu. Vuta kidogo kidogo."

Akavuta tena.