Miguu ya Baba Mkwe

Sekela alikaa miaka sita kwa baba mkwe wake bila kumwona uso. Kwa Wanyakyusa wa siku zile, katikati ya miaka ya hamsini, mke hamtazami baba wa mume wake. Mzee akipita, unajitoa njiani, unachuchumaa, unajifunika kanga mpaka apite. Basi alichokijua Sekela ni miguu. Miguu ya Mzee Andendekisye ilikuwa mipana, imepasuka visigino, na kidole gumba cha kulia hakikuwa na kucha tangu kilipokatwa na jembe. Miguu hiyo angeitambua hata sokoni.

Siku hiyo mumewe, Asukile, aliyekuwa dereva, aliazima gari la tajiri wake ili amtembeze baba yake kabla uzee haujamshika magoti. Asubuhi walisimama Daraja la Mungu, wakala viazi juu ya mwamba huku mto Kiwira ukinguruma chini yao. Garini mzee alikaa mbele na mjukuu wake Lutengano, mtoto pekee wa Sekela. Sekela alikaa nyuma, chini ya turubai, wala hakuona ubaya. Alimsikia mwanawe akicheka njia nzima.

Mchana wakapanda mlima kwenda kuliona ziwa Ngosi. Mzee mbele, mtoto mabegani. Asukile katikati. Sekela nyuma kabisa, kama adabu ilivyotaka. Walipofika ukingoni ukungu ukashuka ghafla, ziwa likapotea, na Lutengano akalilia maji. Mzee akasema atateremka naye kidogo kuyafuata. Asukile akamwomba asiende mbali.

Walikawia. Kisha hatua zikasikika zikipanda. Sekela akachuchumaa kando ya mianzi, akajifunika, akatazama chini.

Miguu ikapita. Ilikuwa imelowa. Gumba la kulia lilikuwa na kucha.

Akamkimbilia mumewe, akamvuta shati.

“Baba Lutengano,” akanong'ona, “yule siyo baba.”

“Una nini wewe?”

“Miguu siyo yake. Kucha imeota saa ngapi?”

“Mimi nimemwona usoni. Ni tata huyohuyo, baba yangu. Usinitie aibu.”

Njia nzima ya kushuka Sekela alimwita mwanawe, aliyekuwa mabegani mwa mzee. Mtoto hakugeuka. Hakulilia maji tena.

Gari likawashwa. Mzee akaingia mbele, mtoto mapajani. Sekela alibaki barabarani. Akipanda nyuma, mwanawe anapelekwa wapi, na nani? Akimtazama mkwe usoni, ukoo mzima utamtema. Na wamteme! Akafungua mlango. Akainua macho.

Akaona mzee. Mzee tu, mwenye mvi. Hakujua kama ndiye au siye, maana uso ule hakuwahi kuuona. Ee Mungu wangu, hakujua!

Mkono wa mzee, umelowa, ulikuwa umefumbata mguu wa kulia wa mtoto. Ukafumbuka taratibu. Sekela akamnyakua mwanawe. Mzee alishuka, akarudi kuelekea mlimani, akaingia kwenye mianzi.

Asukile akamfuata mbio akiita, “Tata! Tata!” Wanaume wa kijiji cha karibu wakajiunga naye. Walitafuta jioni ile na siku zilizofuata. Mzee hakuonekana tena.

Jioni ileile Sekela alibaki kwa mama mmoja wa kijijini, Damari, aliyempa beseni la maji ya moto. Wanawake walikuwa wameanza kumnong'ona mlangoni, eti mkamwana mchawi. Hakujali. Mwanawe alikuwa naye, mzima.

Akamwosha uso. Akamwosha mikono. Akashika mguu wa kulia.

Gumba halikuwa na kucha. Kovu lilikuwa kavu, la zamani, kovu la jembe.

Akauachia mguu. Kabla hajafikiri lolote, mikono yake ilikwisha kuvuta kanga, ikamfunika uso, naye akachuchumaa ukutani. Mtoto akatoka kwenye beseni, akapita mbele yake, polepole. Sekela hakuifunua kanga mpaka alipomsikia amekwenda.