Benki Iliniambia Nimekufa

"Mzee, kompyuta yetu inasema wewe ulishafariki."

Binti wa benki aliyasema hayo huku macho yakiwa kwenye kioo cha mashine yake.

Mimi nimesimama mbele yake, kofia mkononi, dola mia mbili mezani...

"Nilikufa lini?"

"Machi, mwaka juzi."

Ndugu zangu, Machi mwaka juzi ndipo nilipomzika mke wangu Lorene.

Naitwa Delbert. Miaka thelathini na moja nimechimba makaa ya mawe hapa Kentucky. Saratani ilipomshika Lorene, bima ililipa nusu, hospitali ikanidai iliyobaki mpaka baada ya mazishi. Nikaenda mahakamani nikatangazwa mufilisi. Nyumba ikaenda.

Sasa nalala ndani ya pikapu nyuma ya kanisa. Asubuhi barafu inaganda kwenye kioo, upande wa ndani.

Bi Combs, msimamizi wa nyumba za kupanga kule mtoni, hakunizungusha.

"Delbert, jina lako limeungua kwa wakopeshaji. Niletee kadi ya mkopo uliyoilipa miezi sita bila kuchelewa, chumba nakupa."

"Nani atampa mufilisi kadi?"

"Ipo ile unayoweka kwanza hela zako kama dhamana."

Yaani naweka mia mbili zangu, wananikopesha mia mbili zangu, na nikichelewa wananipiga faini. Waliobuni hiyo wanalala pazuri.

Niliuza bunduki yangu ya kulungu wiki mbili kabla ya msimu wa kuwinda. Nyama ya baridi nzima ikaenda hivyo.

Halafu naambiwa maiti hapewi kadi.

Na kilichoniuma zaidi, sanduku langu la posta lilikuwa linajaa barua za Lorene. "Mpendwa Lorene, umekubaliwa kadi ya dola elfu tano." Aliyeko kaburini anakopesheka, mimi ninayepumua nafukuzwa.

"Binti," nikamwambia, "nitajie aliyeniua."

Jina lake Kaylin, kijibati kifuani kilisema hivyo. Akapekua.

"Taarifa ilitoka kampuni ya kadi yenu ya zamani. Nitawaomba nakala. Njoo Alhamisi, mjomba."

Siku tatu kwenye pikapu nikawahukumu wote. Hakimu. Mhasibu wa hospitali. Yule wakili mwenye viatu vya kung'aa.

Alhamisi Kaylin akanisogezea karatasi taratibu.

"Huu mwandiko unaujua?"

Niliujua.

Ile D iliyolala kama uzio mbovu ni yangu.

Ndugu zangu, mimi shule niliiacha darasa la saba. Fomu zote za nyumbani alijaza Lorene. Ya kwanza kuijaza mwenyewe maishani ilikuwa ya kuitaarifu kampuni ya kadi juu ya kifo chake, mezani kwa wazikaji. Nikaona nafasi ya namba ya serikali ya marehemu... nikaandika namba pekee niliyoijua kwa kichwa.

Yangu.

"Tunarekebisha," Kaylin akasema. "Jaza hii mpya. Hapa, jina la marehemu."

Nikashika kalamu, nikaiweka tena mezani.

"Nikijaza hii, barua zake zitaacha kuja?"

"Zitaacha."

Miaka miwili na zaidi, kwenye mashine zao, mimi ndiye niliyelala udongoni na Lorene yuko hai, anaaminika, anaitwa mpendwa. Sitawadanganya. Mpango huo haukunikera kama nilivyokuwa nalalamika.

"Usiharakishe, mjomba. Foleni itasubiri."

Nikaandika. Herufi moja moja. Namba yake nikainakili kutoka kadi yake ya serikali, ingali kwenye pochi yangu.

Kadi imefika jana. Nimetia petroli ya dola kumi na mbili, leo hii nimeilipa. Miezi sita imeanza, na baridi nayo imeanza.

Wakubwa bado nawalaumu. Wanamfuta mtu kwa karatasi moja, hakuna hata wa kupiga simu kuuliza kama ni kweli.

Lakini wewe unayesoma hapa, fomu ya msiba usiijaze peke yako. Mkalishe mtu kando, aisome kwa sauti.

Barua ya mwisho ya Lorene sijaitupa. Nimeiweka juu ya dashibodi, naiona kila nikiamka.

Inasema amekubaliwa.