Nani Anakulisha, Kemilembe?

"Nani anakulisha, Kemilembe?"

Masalu alisimama mlangoni, ameshika gauni langu la kanisani lililoachia mshono ubavuni.

"Si wewe, mume wangu?"

"Mimi? Mwanza nzima tunakula unga wa yanga, huu wa njano wa msaada, watu wamebaki mifupa, wewe unanenepa! Mimi napima pamba ya ushirika. Uzito haunidanganyi."

Mume wangu alikuwa na wivu, jamani! Tena mwaka ule wa foleni za sukari, mwanamke akinenepa tu, watu wanasema kuna meneja wa duka anayempitisha mlango wa nyuma. Na kweli, mlango wa nyuma wa duka moja pale Mirongo nilikuwa napita. Meneja wake, Josephat, Mhaya mwenzangu, alikuwa ananipa kifurushi.

Masalu alijua nilipasuliwa rovu shingoni. Hakujua kwamba tezi iliyobaki ilishindwa kazi, na daktari amesema nitameza vidonge maisha yangu yote. Nilimficha kwa sababu mama mkwe alishaanza kumsifia Ng'washi, binti wa Magu, mzima wa afya. Nikimwaza Ng'washi jikoni kwangu, roho iliniuma, nikanyamaza. Vidonge vikaadimika hospitali, nikavimba. Josephat, aliyekuwa akifuata mizigo Dar es Salaam, akawa ananitafutia huko.

Siku hiyo Masalu alinifuata kimyakimya. Nilipotoka tu na kifurushi, akanidaka mkono.

"Leta hapa!"

"Masalu, watu wanatuona."

"Waone! Josephat, toka nje! Sukari ya foleni unamlisha mke wangu?"

Akachana karatasi. Foleni nzima ikanyoosha shingo. Ndani kulikuwa na kichupa cha vidonge.

"Nini hii?"

"Dawa, shemeji," Josephat alijibu. "Aliniapisha nisiseme."

"Dawa ya kunenepesha?"

"Ya kunipunguza!" nilipiga kelele huku nalia. "Tezi imelala, Masalu. Nasinzia mchana, nasikia baridi jua likiwaka, nakula kidogo kuliko wewe. Wewe mpima pamba, mkulima akimwagia gunia maji, mizani inafanyaje?"

"Inapanda."

"Na pamba imeongezeka?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Basi na mimi nimejaa maji. Daktari ndivyo alivyoniambia. Haya, nirudishe Bukoba, ukamwoe Ng'washi wenu!"

Alinitazama uso wangu uliovimba kama ndiyo kwanza anauona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaoa mke wa pili."

"Mimi niliogopa umeshapata mume wa pili."

Foleni ikaangua kicheko. Masalu akaokota karatasi, akafunga kichupa vizuri, akanishika mkono tukaenda nyumbani.

Tangu hapo dawa anaifuata mwenyewe kwa Josephat, maana wivu haukumwisha. Kila asubuhi ananiletea kidonge na maji kabla ya chai. Daktari alinipandishia dawa kidogo kidogo. Uvimbe ukashuka, ila mwili haukurudi wote. Masalu akapeleka gauni langu kwa fundi likapanuliwe.

Mama mkwe alipokuja kututembelea, alinikagua juu mpaka chini.

"Masalu, huyu mbona hapungui? Ng'washi bado yuko kwao."

"Mayu," Masalu akamjibu mama yake, "mpima ni mimi. Huyu nimeshampima, nimempokea. Harudishwi."