Omena Kwenye Njia ya Ndege

Kila alipotoka shule, Velma alivua viatu, akala kipande cha muhogo, kisha akaanika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Mama yake, Auma, alizitoa Budalang'i, kando ya ziwa, akawauzia madereva wa malori ya mafuta yanayopanga foleni Busia kuelekea mpakani. Kuzikausha ilikuwa kazi ya Velma.

Busia, penye lami ndipo pa kuanikia. Mihogo utaikuta kando ya barabara, mahindi pia, wala hakuna anayeshangaa. Sasa mvua ilikuwa imefanya uwanja wa nyumbani tope tupu, na omena zimeanza kunuka. Velma akakumbuka lami ya uwanja mdogo wa ndege, nyuma ya mtaa wao. Akapenya seng'enge na rafiki yake Sydney, wakatandika neti kuukuu, wakamwaga samaki.

"Mzee Emorut akitukuta, mimi sikujui," Sydney alisema.

"Na zikiiva usinijue vilevile," Velma akamjibu.

Mzee Emorut alikuwa mlinzi wa uwanja. Ndege ikikaribia alipuliza firimbi, wachungaji wakaondoa ng'ombe wao. Firimbi ikalia. Velma hakujisumbua. Yeye ana ng'ombe gani?

Lakini harufu ilikuwa imeshaita wageni. Korongo na mwewe walijaa kwenye neti, na ndege ndogo ya kuchukua mgonjwa iliposhuka, wote wakaruka mbele yake. Rubani akaivuta juu ghafla. Ikapita chini chini, mabati yakatetemeka, ikaelekea kwenye foleni ya malori ya mafuta. Velma akashika kichwa. Mama alikuwa huko.

Ikainuka kwa shida, ikaanza kuzunguka. Mgonjwa alikuwa akingoja, lazima ingerudi. Na korongo nao walikuwa wanarudi.

"Tutoroke," Sydney alinong'ona. "Hakuna aliyetuona."

"Toroka wewe. Omena ni zangu."

Velma akamwita Mzee Emorut, akamwambia bila kuzunguka kuwa kosa ni lake, huku akikunja neti. Mzee hakupoteza muda kugomba. Akachukua debe akalipiga kwa rungu, korongo wakatawanyika. Sydney akageuka, akashika upande wa pili wa neti. Wakaiburura hadi kibanda cha mlinzi, wakafunga mlango. Ndege ikashuka salama.

Auma alifika mbio kutoka kwenye foleni ya malori, kanga mkononi. Akamshika Velma begani, akamkagua kichwa hadi miguu. Mzee Emorut akasimulia yote, kisha akamgeukia msichana.

"Korongo mmoja akiingia kwenye injini, rubani hana mahali pa kuegesha. Anaanguka palepale alipofika. Hapa angeangukia mafuta, na moto wa lori moja hauulizi la pili ni la nani. Soko, shule, hospitali, vyote viko karibu. Firimbi yangu si ya ng'ombe peke yake."

Velma akaomba radhi. Jioni ile yeye na mama yake walichimbia miti uani, wakatengeneza chanja cha kuanikia, juu ya tope. Omena nyingi zilikuwa zimejaa mchanga. Auma akawamwagia kuku.

"Umekosea, tena sana," alisema. "Lakini ungekimbia, leo tungekuwa tunalia. Omena nitanunua nyingine, mwanangu. Mji haununuliwi."