Nyuzi Sita za Gitaa Namba Saba

Asubuhi ya Jumamosi gitaa namba saba halikuwepo kwenye ukuta wa ukumbi wa maonyesho. Kulabu ilikuwa pale pale, lebo pale pale, na taa yake ndogo ilimulika ukuta mtupu. Chini, juu ya kigoda, mwizi alikuwa ameacha nyuzi sita za chuma, kila moja imekunjwa duara na kufungwa kwa mkia wake wenyewe.

Inspekta aliutazama ukuta huo kwa muda mrefu. Kituoni walimwita Kobe, na jina halikumsumbua.

"Afande, hakuna mlango uliovunjwa," sajini wake alisema. "Alama za vidole hakuna. Hata vumbi la kulabu limepanguswa. Mwizi msafi kuliko mimi."

"Hilo si jambo gumu, sajini."

Magitaa mengine kumi na moja yalining'inia kimya. Hayakuletwa kupigwa, yaliletwa kutazamwa. Moja lilikuwa na mgongo wa mbao mbili zilizokutana kama maji na kivuli chake. Jingine, tundu lake lilizungukwa na vipande vya mfupa vidogo kama punje za mtama, mamia, vimepangwa kwa mkono. Inspekta alikuja kuyakagua; akajikuta ameweka mikono nyuma, anatembea taratibu kama mgeni aliyekata tiketi.

Mkurugenzi wa maonyesho alifika akifuta miwani.

"Nani alitengeneza namba saba?"

"Fundi mmoja, sasa ni marehemu. Miezi minne imepita. Ndilo gitaa lake la mwisho. Mjane wake alitukabidhi kwa maandishi, libaki hapa ukutani siku zote."

"Nyuzi hizi aliziweka yeye?"

"Hapana, mimi. Lilikuja na za nailoni, hazing'ai kwenye taa."

"Jana jioni nani aliingia?"

"Mafundi tu, wenye vitambulisho. Wanaingia na mikoba ya magitaa, wanatoka na mikoba ya magitaa." Akashusha pumzi. "Na leo saa nne fundi wa vanishi alikuwa aje kuliondolea doa mgongoni. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri," Inspekta alisema, akaandika neno *doa* kwenye daftari.

Kwenye meza ya jirani alikaa fundi mkongwe ambaye wenzake walimwita Mzee Gundi. Inspekta alimwekea duara moja la uzi mbele yake.

"Shikamoo, mzee. Mwizi gani hupoteza dakika kumi kukunja nyuzi?"

"Marahaba. Mwizi mwenye huruma. Gitaa lile liliundwa kwa nailoni. Chuma kingelivuta tumbo mpaka lipasuke. Nilimwambia mkurugenzi, lakini sikio la kufa halisikii dawa."

"Na fundo hili?"

Mzee Gundi aliligeuza kwenye mwanga. "Kila karakana ina fundo lake. Hili la marehemu."

"Marehemu haibi, mzee."

"Wala hakuwahi kufunga uzi, mwanangu. Miaka thelathini, nyuzi zilikuwa kazi ya mkewe."

Mlango wa karakana ya marehemu ulikuwa wazi. Patasi zilipangwa ukutani kwa ukubwa, na aproni ilining'inia msumarini, bado ina unga wa mbao mfukoni. Mjane alikaa mbele ya meza ya kazi. Gitaa lilikuwa kifudifudi juu ya blanketi.

"Karibuni. Nilijua mtakuja. Nilidhani mngewahi zaidi."

"Wananiita Kobe, mama." Inspekta akakaa. "Ulilichukua wewe?"

"Nililichukua mimi. Nilivaa kitambulisho chake, nikabeba mkoba wake. Hakuna aliyeniuliza."

"Lakini ulikwisha kulitoa kwa sahihi yako."

"Nililitoa. Nilitaka watu waone kazi yake. Juzi mkurugenzi akanipigia, ana furaha, ananiambia doa litapigwa msasa." Akasogeza taa. "Doa lenyewe ni hili."

Pale shingo inapoungana na mwili, ndani ya vanishi ya rangi ya asali, palikuwa na alama ya dole gumba.

"Jioni, akishapaka mara ya mwisho, alibonyeza hapo kupima kama imekauka. Ikinata, anaacha. Asubuhi anaifuta kwa msasa laini, anapaka tena. Magitaa yote yalipita hivyo, hakuna lililobaki na alama. Hili, asubuhi yake hakuamka."

Inspekta alikuwa ameona alama za vidole maelfu, zote za kumkamata mtu. Aliinama. Mistari ilikuwa kamili, na katikati ilikatizwa na kovu dogo la patasi.

"Hukumweleza mkurugenzi?"

"Nilimweleza. Akasema, mama, watu wanakuja kuona kazi isiyo na kasoro. Nina picha za mume wangu, afande, zimejaa sanduku. Hii si picha. Hapa aligusa mwenyewe."

"Lazima niondoke nalo," Inspekta alisema hatimaye. "Ni kielelezo."

"Kisha mkurugenzi atarudishiwa alipige msasa."

"Kesi ikiisha. Kabla ya hapo, kielelezo hakifutwi, hakipakwi, hakisuguliwi. Ni sheria." Akatoa fomu, akaandika polepole: *Gitaa moja. Alama ya dole gumba mgongoni. Isiguswe.*

"Na kesi huisha lini?"

"Inategemea mpelelezi."

"Na wetu ni Kobe, mama," sajini alisema.

Gitaa sasa liko chumba cha vielelezo, rafu ya pili, kifudifudi juu ya blanketi lile lile. Mjane yuko nje kwa dhamana. Kila Ijumaa huja na sponji yenye unyevu ya kuweka kando ya gitaa ili mbao zisipasuke, hutia sahihi kitabuni, na Inspekta humfungulia mlango. Jalada la kesi bado liko wazi mezani kwake.